Presha ya Mzee Nyabenda Ilivyotukimbiza

Sista Domitila, aliyekuwa mkuu wangu kwenye chumba cha kusafisha damu, ameniomba niwaandikie ninyi mnaoanza kazi hapo, na amesisitiza niandike kama mstaafu. Sina mvi hata moja. Mkataba wangu uliisha, nikarudi kwetu Biharamulo kufungua duka la dawa, na wagonjwa walioniaga ndio walionipa cheo hicho. Mmoja wao alisema nimestaafu mapema kwa sababu kichwa changu kimekwisha kufanya kazi ya miaka arobaini. Nimelichunguza sana neno hilo nijue kama lilikuwa sifa au kejeli. Bado sijaamua.

Mimi ni mtu wa kuwaza. Nikifunga duka narudi kutikisa kufuli, nikifika nyumbani nawaza kama nililitikisa vizuri. Wale wenzangu wa aina hii mliopangiwa kazi kwenye mashine hizo, karibuni sana. Mtateseka, lakini mtafaa.

Nianze na mambo ya mikono. Mgonjwa ambaye figo zake zimekufa hakojoi vya kutosha, kwa hiyo anachokunywa leo mnakikuta kwake kesho kutwa, miguuni, usoni na kwenye mapafu. Ndiyo maana tunampima uzito kabla ya kumfunga kwenye mashine. Kilo zilizozidi ni maji, na mashine itayavuta. Rahisi, eti? Sasa Ngara mjini kuko mlimani na asubuhi kuna baridi, watu huja na masweta mawili na koti juu. Mvue mgonjwa koti. Wiki yangu ya kwanza nilimkuta mzee mmoja ameongezeka uzito kupita kiasi, na miguu yake mikavu kabisa. Nikaanza kuwaza maji yamejificha wapi. Nikamgonga tumbo, nikamsikiliza mapafu, nikafungua kitabu. Sista akaja, akatia mkono kwenye koti la mzee, akatoa mfuko wa maharage ambao mzee alikuwa amemletea yeye Sista kama zawadi. Akanishukuru kwa kumpimia.

Jambo la pili ni salamu. Watu wa huku husalimiana kwa kirefu, na mgonjwa hawezi kukuacha umwamkie "shikamoo" akanyamaza baada ya "marahaba". Atauliza habari za kwenu, za mama, za mvua ya Biharamulo. Ukiwa umeshamfunga mkanda wa presha mkononi, kipimo kitapanda kwa sababu ya maongezi. Basi salamu ziishe kwanza, mkanda baadaye. Ukifanya kinyume utaandika presha ya mama yako.

Haya. Sasa niwaeleze habari za Mzee Nyabenda, kwa sababu ndiye aliyenifundisha kuuliza maswali.

Mzee Nyabenda ni mkulima wa Murusagamba, mrefu, mwembamba, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kuita watu ng'ambo ya bonde. Kabla ya siku ya mashine alilala kwa dada yake karibu na soko la Ngara, maana barabara ya kwao haitabiriki. Mkewe, Mama Konsolata, alikuja naye kila mara na kukaa kwenye benchi la nje akisuka mkeka. Konsolata, binti yao, alikuwa ameposwa na kijana anayeitwa Elia, mfanyabiashara wa Lusahunga, anayewauzia madereva wa malori maji, mikate na vocha. Siku ya kumkabidhi binti ilikuwa imepangwa. Kwa desturi ya familia ile wakwe huja na chungu cha pombe ya ndizi, baba mzazi anaonja kwanza kwa mrija mbele ya watu wote, halafu anasimama na kusema maneno ya kumtoa binti yake. Asipokuwepo, ndugu yake mkubwa anaweza kusimama badala yake. Ndugu huyo mkubwa, Mzee Nyabenda alituambia, anakoroma hata akiwa macho. Hakutaka binti yake atolewe na mtu huyo.

Shida ilikuwa hii. Alikuwa anafika kwetu presha ikiwa juu na miguu imevimba. Tunamfunga, mashine inaanza kuvuta maji, na kabla ya kufika katikati presha inaanguka. Anatoka jasho, anapiga miayo, macho yanaelea. Tunasimamisha uvutaji, tunamwinua miguu, anarudi. Lakini maji yaliyobaki anaondoka nayo nyumbani, na safari inayofuata anakuja amevimba zaidi. Alianza kushindwa kulala chali kwa kukosa pumzi. Daktari akamwambia wazi kwamba mambo yakiendelea hivyo, siku ya binti yake atakuwa kitandani wodini.

Mimi nikafanya kile ninachokiweza, nikaenda kusoma. Nikarudi na naitriki oksaidi.

Msiogope jina. Mishipa ya damu ina utando laini kwa ndani, na utando huo hutengeneza gesi kidogo sana, inayoishi kwa sekunde chache tu. Kazi yake ni kuuambia msuli wa mshipa ulegee. Mshipa ukilegea, njia inapanuka na presha inashuka. Figo zikifa, takataka ambazo zingetoka na mkojo hubaki kwenye damu, na baadhi yake huzuia gesi hiyo isitengenezwe. Mishipa inakaa imekaza, maji nayo yamejaa, presha inapanda. Halafu mgonjwa anafungwa kwenye mashine: takataka zinaoshwa, kizuizi kinapungua, na wakati huohuo maji yanavutwa. Kwa baadhi ya wagonjwa mishipa hulegea kupita mwili unavyoweza kuhimili. Si sababu pekee, lakini ni mojawapo, na mimi niliipenda kama mtu anavyopenda nyumba aliyoijenga mwenyewe.

Nikamweleza Mzee Nyabenda yote hayo akiwa kitini. Nilichora hata mshipa nyuma ya kasha la glavu. Alinisikiliza hadi mwisho, kwa adabu, kisha akamgeukia mgonjwa wa kiti cha pili.

"Mimi nyumbani napikia kuni," alimwambia. "Kijana huyu anasema nina gesi."

Tangu siku hiyo chumba kizima kiliniita Bwana Gesi. Mama mmoja alikuwa akiniuliza kila asubuhi kama mtungi wangu umejaa.

Sista Domitila hakunicheka. Aliniambia nadharia yangu inaweza kuwa kweli, ila haitusaidii mpaka tujue kwa nini mzee huyu na kwa nini sasa, maana miezi ya nyuma alikuwa anamaliza vizuri. Akanipeleka hatua kwa hatua, na hatua hizo mzishike.

Kwanza, vidonge vya presha. Mgonjwa akivimeza asubuhi ya mashine, vinaweza kumwangusha katikati; daktari ndiye hupanga avimeze saa ngapi. Mzee alikuwa akivimeza jioni kama alivyoambiwa, na Mama Konsolata alithibitisha kwa kiapo. Pili, chakula. Mtu akila sana kabla tu ya kufungwa au akiwa kwenye mashine, damu inakimbilia tumboni. Mzee alisema amekunywa uji kidogo alfajiri, basi. Tatu, joto. Huku kwa sababu ya baridi ndugu huwafunika wagonjwa mablanketi mazito, na mwili ukipata joto mishipa inafunguka. Tukamvua blanketi moja na kupunguza kidogo joto la mashine. Alilalamika kwamba tunamhifadhi kama samaki, lakini presha ilikaa juu muda mrefu zaidi kuliko mara iliyopita. Kisha ikaanguka tena.

Halafu yakaja majibu ya damu, na potasiamu ilikuwa imepanda vibaya. Potasiamu ni chumvi ambayo figo nzima huitoa yenyewe. Figo iliyokufa haiitoi, na ikizidi inaweza kuusimamisha moyo bila hodi. Kwa watu wa ndizi na maharage hilo ni jambo gumu kuliko yote, kwa sababu ndizi zimejaa potasiamu na huwezi kumwambia mtu wa Murusagamba asile ndizi. Unamfundisha mkewe azikate vipande, aziloweke, azichemshe kwa maji mengi, amwage maji, achemshe tena, na ampe kiasi kidogo. Mama Konsolata alikuwa anafanya hivyo vizuri hata akawafundisha wenzake pale benchini. Sasa potasiamu ilitoka wapi?

Siku mbili sikulala vizuri. Niliorodhesha kichwani kila kitu ambacho mzee angeweza kukigusa. Niliwaza dawa za kienyeji, chumvi ya magadi, maji ya kisima cha kwao. Nilimwuliza Mzee kama ana desturi ya kutafuna majani akiwa shambani. Akaniuliza kama namwona ni mbuzi.

Asubuhi moja nikiwa namfunga, alikohoa na kujifuta mdomo kwa leso. Leso ikawa na doa jekundu. Mnajua tunaweka dawa ya kuzuia damu isigande ndani ya mashine, na mgonjwa anayevuja damu mahali ni hatari kubwa. Damu yangu mwenyewe ikaganda. Nikamwambia asitembee, ingawa alikuwa amekaa, nikakimbia korido nzima kumtafuta daktari, nikarudi na daktari, muuguzi wa zamu na kiti cha magurudumu ambacho sijui nilikichukulia nini.

Sista alikuwa ameshika leso ile karibu na pua.

"Damu hainuki shamba," alisema. Kisha akamwuliza mzee, kwa upole kabisa, amekunywa nini.

Mzee Nyabenda alitazama dari. Mama Konsolata, aliyekuwa amesimama mlangoni na mkeka wake, alitazama chini. Daktari aliona hakuna anayekufa, akaondoka na kiti changu. Mwishowe mzee ndiye aliyejibu.

"Mliniuliza nimekula nini. Kile si chakula," alisema. "Ile ni heshima ya watu."

Ndipo tukaambiwa. Elia, mkwe mtarajiwa, alikuwa amesikia kwenye simu kwamba juisi ya bitiruti, vile viazi vyekundu kama damu, inashusha presha. Kijana mwenye upendo. Akawa anazinunua kwa watu wa malori pale Lusahunga, anazisaga, anajaza chupa kubwa ya chai, na kuituma kwa gari la asubuhi hadi stendi ya Ngara, kila siku ya mashine. Shangazi wa bibi harusi, yule dada yake mzee wa karibu na soko, anaipokea, na mzee anainywa yote kabla ya kupanda kuja kwetu, kwa sababu chupa ya mkwe hairudi nyumbani ikiwa na kitu ndani.

Nilikaa kwenye stuli. Kwanza, ni maji mengi kwa mtu anayepimiwa maji kwa kikombe. Pili, bitiruti imejaa potasiamu. Na tatu, na hapa moyo ulinidunda kwa sababu isiyofaa kitaalamu, bitiruti ina chumvichumvi ambayo mwili huigeuza kuwa naitriki oksaidi. Mzee alikuwa anafika kitini na gesi yangu ikiwa njiani, tayari kulegeza mishipa saa ileile mashine inavuta maji. Nadharia haikuwa ya uongo kabisa. Nilikuwa tu nimeitafuta ndani ya damu, nayo ilikuwa inakuja na basi.

"Mzee," Sista alisema, "heshima hiyo inaweza kukuua."

"Naelewa. Lakini mkwe hajaingia ndani bado," alijibu Mama Konsolata badala ya mumewe. "Ukirudisha kitu chake, umemrudisha yeye. Na binti yangu anampenda."

Mkisoma vitabuni mtaambiwa: mweleze mgonjwa, aache. Haikuwa hivyo. Mzee hakuweza kumwambia Elia, kwa sababu baba mkwe hazungumzi habari za mwili wake na mkwe. Elia hakuweza kuuliza. Mama asingeweza kuimwaga, maana shangazi alikuwa anatazama na shangazi huyo, kwa maelezo ya mzee, ni redio. Na siku ya kumkabidhi Konsolata ilikuwa imekaribia, huku baba yake akiwa amejaa maji hadi kifuani.

Sista akauliza ni nani aliyeleta maneno ya posa. Wakamtaja mshenga, mzee mmoja mwenye duka la vifaa vya baiskeli pale mjini. Sista akanitazama. Akasema mwenye kujua habari za gesi ndiye aende.

Njia nzima juu ya bodaboda nilipanga maneno. Nilifika, nikaamkia, nikaanza. Nilimweleza mshenga habari za figo, utando wa mishipa, takataka, kizuizi, potasiamu na moyo. Aliendelea kunyoosha spoku za gurudumu. Nilipomaliza aliliweka gurudumu chini.

"Kwa hiyo nikamwambie nini kijana wa watu?"

Nikakusanya nguvu. "Mwambie juisi ile inaweza kusimamisha moyo wa mzee."

"Hilo nitamwambia mwisho," alisema. "Nikianza nalo atadhani anaitwa muuaji na harusi itavunjika. Nitaanza kwa kumwambia baba mkwe anatamani viatu."

Nilibisha. Nilisema ni lazima Elia ajue ukweli, siku hiyohiyo, asije akaendelea kutuma. Mshenga akanihakikishia atajua jioni hiyo, tena kwa simu, ila mtu anayenyang'anywa zawadi moja lazima apewe nyingine ya kushika, la sivyo mikono yake itabaki inaning'inia. Nimefanya mitihani mingi maishani. Hakuna mtihani ulioniuliza hilo.

Safari iliyofuata chupa haikuja. Viatu vilikuja, vyeusi, vya ngozi, vya kufunga kamba, namba aliyoitoa Konsolata mwenyewe. Elia alituma pia ujumbe kwa mshenga, mrefu, wa kuomba radhi, na mzee alipousomewa alisema tu kwamba kijana anaandika vizuri. Tukaweka viatu juu ya kabati la chumba cha mashine. Mzee alijaribu kuvivaa. Vidole viliingia, mguu ukagoma, umevimba kama unga uliochachuka.

Basi vikawa kipimo chetu. Daktari alipanga siku moja ya ziada ya mashine. Tulivuta maji polepole, mashine ikiwa na joto la chini, blanketi moja tu, bila uji mzito. Nilimpima presha kila mara hadi akaniambia mkono wake umekuwa wa serikali. Mara ya kwanza bila bitiruti alitoka jasho kidogo, tukapunguza kasi, akamaliza. Mara ya pili akamaliza akiwa anasimulia. Potasiamu ikateremka. Mguu wa kushoto ukaingia kwenye kiatu, wa kulia ukakataa. Wagonjwa wengine wakawa wanauliza kuhusu mguu wa kulia kabla ya kuuliza habari zao wenyewe. Siku ya mwisho kabla ya sherehe Sista alibonyeza kifundo cha mguu huo kwa kidole gumba, akaondoa kidole, na ngozi ikarudi bila kuacha shimo. Mzee alifunga kamba mwenyewe. Alitembea hadi benchi la nje na kurudi, na Mama Konsolata akaacha kusuka.

Sista na mimi tulialikwa. Nilipanda kwenda Murusagamba na begi, na Sista akauliza nimebeba zawadi gani. Nilikuwa nimebeba mashine ya presha, mkanda wa akiba na betri. Alinionya nisithubutu kuitoa mbele ya wakwe.

Chungu kiliwekwa katikati ya uwanja. Elia alipiga magoti upande wake, kijana mnene mwenye kutoka jasho kuliko wagonjwa wangu wote. Tulikuwa tumezungumza na mzee: pombe ya ndizi ni maji na ni potasiamu, na hatukuwa na ugomvi na desturi, ila onjo liwe onjo. Akainama, akashika mrija, nikaona shavu lake likiingia ndani. Nikaegemea mbele. Likaingia mara moja tu. Akameza, akainua kichwa, akautazama mrija, na badala ya kumpa ndugu yake mkubwa aliyekuwa ameshanyoosha mkono, akamnyooshea Elia.

"Nimalizie, mwanangu," alisema.

Watu walishangaa kidogo, shangazi akanong'ona kitu, Elia akanywa. Kisha Mzee Nyabenda akajisukuma kutoka kwenye kiti na kusimama ili atoe maneno.

Alianza na babu yake. Akapita kwenye mwaka wa njaa, akaja kwenye kuzaliwa kwa Konsolata, jinsi alivyokuwa mbishi, jinsi alivyompiga mwalimu wake maswali hadi mwalimu akaenda likizo. Akarudi nyuma kueleza shamba la chini lilivyopatikana. Kaka yake alianza kusinzia. Mshenga alikohoa, akakohoa tena. Kina mama waliobeba sahani walihamisha uzito kutoka mguu mmoja hadi mwingine, na Sista akaninong'oneza kwamba wali unapoa na mtu huyu hana breki.

Mzee alikuwa wima katikati ya uwanja, mkono mmoja hewani, hajashika fimbo wala kiti, sauti inafika ng'ambo ya bonde. Nilikumbatia begi langu mapajani na kuomba asimalize.